Tumefunguliwa, Tutumike: Ilani ya Wakristo wa Busia, Malaba na Tororo

Sisi Wakristo tunaoishi pande zote mbili za mpaka huu, Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba, Amagoro, Nambale, Nagongera na Tororo mjini, tumeamua kuanzisha umoja wa utumishi. Tumetoka makanisa tofauti. Wamo Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste na watu wa Kanisa la Mungu, na wamo ambao kanisa lao ni mwembe na viti vya plastiki vya kukodi. Hakuna aliyetutuma, wala hakuna mfadhili aliye nyuma yetu. Mapadri na wachungaji wetu tumewaarifu kwa heshima, tukawahakikishia kwamba hatuanzishi kanisa jingine. Makanisa hapa yanatosha.

Sababu ya kuandika ni moja. Uhuru tunaohubiriwa Jumapili hata Jumapili umekatwa nusu. Tunaambiwa tumefunguliwa. Hatuambiwi tumefunguliwa tufanye nini, wala kwa ajili ya nani.

Pita jioni yoyote barabara iendayo forodhani usikilize vipaza sauti. Kufunguliwa kunakotangazwa ni kwa milango ya biashara, kwa viza, kwa gari, kwa mchumba, kwa mzigo uliokwama bandarini. Muumini anaambiwa apande mbegu ili avune. Mama muuza nyanya anatoa pesa aliyokuwa ameitenga kwa karo, anarudi nyumbani kungoja muujiza wake, na jirani yake wa meza ya pili anangoja wa kwake. Wamesali pamoja katika hema moja miaka na miaka, na hakuna anayejua mwenzake jana alilala amekula nini. Uhuru wa namna hiyo unamwacha kila mtu peke yake, na Mungu wake na madeni yake.

Waliopokea uponyaji katika mahema hayo hatuwadharau. Kati yetu wapo ambao chang'aa upande huu na waragi upande ule viliwanyang'anya shamba, ng'ombe na watoto, na aliyewatoa huko ni Yesu. Ushuhuda wao tunaupokea kwa shukrani kubwa. Tunachouliza ni habari ya Jumatatu asubuhi, baada ya ushuhuda na makofi kwisha.

Paulo aliwaandikia Wagalatia wakati walipokuwa wameanza kuuachia uhuru wao uponyoke. Katika sura ya 5 anawaambia wasimame, wasirudi kufungwa nira. Kisha anapofika aya ya 13 anageuka na kuwazuia wasiufanye uhuru huo kichaka cha kujifichia tamaa. Anawataka kila mmoja awe mtumishi wa mwenzake, na anayewaamuru awe upendo peke yake. Martin Luther naye, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, aliyashika mambo hayo mawili bila kuachia hata moja: Mkristo hana bwana juu yake, na Mkristo huyo huyo ni mtumishi wa watu wote. Sisi tunaelewa hivi. Mtu mwenye hofu hawezi kutumika bure. Atatafuta sifa, au malipo, au mtu wa kumlinda. Lakini aliyekwisha kupokewa na Mungu hana tena cha kujinunulia kwa matendo yake mema, kwa hiyo matendo hayo yote yamebaki kuwa mali ya jirani. Hapo ndipo uhuru unapoanza kuonekana kwa macho.

Jambo hili lina historia katika nchi zetu, na tungependa vijana waijue kwa majina ya watu.

William Jones alikuwa mtoto aliyeibwa akauzwa utumwani, akakombolewa baharini, akalelewa na kusomeshwa India, katika shule ya misheni karibu na Nasik, pamoja na watoto wengine wa Afrika waliookolewa majahazini. Alirudi pwani yetu akiwa mtu huru, akafanya kazi Rabai, nyuma ya Mombasa. Mwaka 1885 aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kuelekea Buganda kwa njia ya Umasai. Walipofika Kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, ambayo kutoka Busia ni safari fupi ya matatu, Hannington alichukua watu wapatao 50 akaendelea magharibi, akiipita nchi ambayo baadaye ilikatwa na mpaka huu wetu. Jones alibaki na sehemu kubwa ya msafara, akingoja. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Habari zilipomfikia Jones, akabaki na kazi ya kuwarudisha watu wale wote pwani, njia ndefu, njaa mbele na huzuni nyuma. Waliingia Rabai mapema mwaka 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa jina la Ichabodi, mtoto yule wa msiba katika kitabu cha kwanza cha Samweli.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwa askofu aliyeuawa. Sisi tunataka kuendelea na shemasi aliyerudi. Rabai, Jones aliendelea kuwapokea watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani. Walikuja usiku, wengine na watoto mgongoni, na walipewa mahali pa kujenga na kulima. Mabwana zao walikuja juu, wakatishia kuichoma misheni. Wakubwa wa misheni walikuwa na wasiwasi, maana sheria ya Sultani wa Zanzibar na makubaliano ya Waingereza havikuwa upande wa mtoro. Mwaka 1888 mambo yakafika pabaya, hadi George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akakubali kuwalipa mabwana fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu karibu 1,400 wa Rabai na vituo vingine vya misheni wakapewa hati za uhuru.

Tumefikiri sana juu ya mtu huyu. Alikuwa na kila haki ya kukaa na uhuru wake. Angeweza kuvaa kanzu yake safi, kula posho yake na kumshukuru Mungu kwamba yeye ametoka. Badala yake alifungua mlango usiku. Aliyewahi kuwa mali ya mtu aliwatambua wenzake gizani. Hiyo ndiyo imani tunayoitaka mpakani, na tunamtaja Jones kwa sababu alikuwa mmoja wetu, Mwafrika, na kwa sababu alipita karibu na milango yetu.

Mpaka wenyewe hatukuuchora. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mstari ukaja kufuata mito, Sio huku kusini, Malaba na Lwakhakha kule kaskazini, kana kwamba watu wa kingo mbili za mto hawajawahi kuoana. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso wako pande zote mbili. Msiba ukitokea Amagoro, nusu ya waombolezaji wanatoka Tororo.

Na mpaka huu umewahi kuwa mlango wa rehema. Tarehe 16 Februari 1977, baada ya maaskofu wa Uganda kuandika barua ya kupinga mauaji, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na serikali ya Idi Amin. Yona Okoth, aliyekuwa askofu wa Bukedi hapa Tororo, alikuwa miongoni mwa waliolazimika kukimbilia uhamishoni; aliporudi, miaka ya 1980, akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Katika miaka ile watu wa kila namna walivuka kuja mashariki, walimu, madaktari, wanafunzi, akina mama wenye vitoto, na wapo wazee katika umoja wetu ambao nyumba zao ziliwalaza wageni hao. Kisha Januari 2008 njia ikageuka. Wakenya kwa maelfu walivuka kwenda magharibi wakikimbia vita vya baada ya uchaguzi, wakalala shuleni na makanisani Busia na Malaba, baadaye wakapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, na wengine Kiryandongo. Watu waliowapelekea uji hawakuuliza kwanza ni wa kabila gani au walipigia nani kura.

Rehema hiyo huja wakati wa moto tu. Moto ukizima, kila mtu hurudi kwenye biashara yake. Sisi tunataka ifanywe siku ambayo hakuna habari redioni.

Na siku hizi hata wakati wa moto imepotea. Kwa nini tunasema hivyo? Kwa sababu ya mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia na madereva wa malori wakaamriwa wapimwe kabla ya kuvuka, foleni ya Malaba ilinyooka makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Madereva walilala chini ya trela siku kwa siku wakingoja majibu. Ni watu waliokuwa wakituletea mafuta, dawa na ngano, na tuliwatazama kana kwamba wao ndio ugonjwa. Waliofukuzwa kwenye mabomba ya maji walifukuzwa na watu wanaosali. Wengine wetu tunaotia sahihi hapa tulifunga milango. Hatutaki kulisema hilo kwa mzunguko.

Sasa tufike mahali penyewe. Simama karibu na geti la Busia asubuhi utaona baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Waendeshaji wake ni watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao kwa sababu ya polio ya utotoni. Kiti kiko katikati, na chini ya kiti, nyuma ya kiti na mapajani mwa mwenye kiti kumepangwa katoni za sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti, magodoro yaliyokunjwa, mpaka mtu mwenyewe anaonekana kichwa na mikono tu. Nyuma kuna kijana anayesukuma kwenye mwinuko. Kwa miaka mingi maofisa wa forodha wa pande zote waliwaachia wapite kwa huruma, na wafanyabiashara wakubwa wakaliona hilo wakawa wanawapa mizigo yao. Ndugu hawa walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Waliunda vyama vyao, wakajifunza kusema kwa sauti moja. Kisha kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa rasmi Februari 2018, ukaguzi ukawa wa mahali pamoja, na mwaka 2020 mpaka ukafungwa kwa waendao bila lori. Kazi ikakatika kwa wengi.

Kanisa lilifanya nini? Liliwaombea waponywe miguu. Mara nyingi tumewaona wakiitwa mbele, wanashikwa, wanainuliwa, wanaachiliwa, wanaanguka, na mhubiri anasema wamepungukiwa imani. Tunatamka kwamba hiyo ni dhambi. Mwendeshaji mmoja aliyezoea kusali nasi aliuliza kwa upole kama kuna yeyote kanisani anayejua kuchomea chuma, maana fremu yake imekatika. Kuchomea fremu ni huduma. Ngazi ya benki na ya kanisa kugeuzwa mteremko ni huduma. Vijana wetu wa Jua Kali wanaoujua moto wa kuchomelea wamekwisha kukubali kutoa siku, na fremu watazitengeneza bila malipo, bila picha.

Karibu na hapo ziko foleni za akina mama. Wanavusha nyanya kwa kreti, mayai kwa trei, omena kwa magunia, ndizi, maharage, mitumba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wake kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zimezalishwa ndani ya jumuiya, unapita kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha. Cheti hicho kipo. Lakini mama asiyesoma vizuri, anayeambiwa na mtu mwenye beji shingoni kwamba karatasi yake haijakamilika, atampa huyo mtu pesa, au atageuka na kushika njia ya panya, ambako anaweza kuporwa mzigo, na zaidi ya mzigo. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, akina mama wengi walisikia habari wakiwa tayari na magunia njiani, na hata zuio lilipolegezwa siku chache baadaye kwa masharti ya vyeti, hakuna aliyewaeleza vizuri cheti gani kinatoka wapi.

Sisi tuna walimu waliostaafu. Tuna makarani, vijana waliomaliza kidato cha 4 na cha 6 wakakaa nyumbani, mawakala wa forodha wawili waliookoka ambao wanajua kila fomu kwa harufu yake. Hao watakuwa pale, siku za soko, na kalamu. Watajaza na mama, watamsomea sheria kwa lugha anayoielewa, Kisamia, Kiteso, Kidhopadhola au Kiswahili, na watakaa naye foleni mpaka avuke. Hawatachukua hata soda. Ofisa akidai kisichodaiwa na sheria, tutaandika tarehe na saa, tutampelekea mkubwa wake barua yenye majina yetu wenyewe, tena tutarudi kesho yake.

Lazima tuseme pia lile tusilolifanya. Umoja huu hautavusha magendo, hata kwa maskini. Tunajua mafuta ya petroli yanayopita usiku kwa madumu, tunajua sigara na pombe, na tunajua kwamba baadhi ya sadaka za makanisa yetu zimetoka huko. Wazee wetu wa Uamsho, wale Balokole ambao moto wao ulitoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda ukaingia Kenya mwaka 1937, walikuwa wakiokoka leo na kesho wanarudisha walichoiba, hadharani, mbele ya mwenyewe. Wengi wetu tumelelewa nao. Tunaurudisha mwendo huo. Mwanachama atakayeshikwa na magendo hatutamficha kwa jina la ndugu, na familia yake hatutaiacha ilale njaa akiwa rumande.

Kuna swali ambalo lilituchukua muda mrefu kuliko yote, na walioliuliza ni akina mama. Walisema: ninyi wanaume mnakuja na injili ya utumishi, na sisi hatujawahi kufanya kitu kingine. Tunaamka saa kumi na moja, tunachota maji, tunapika, tunauza, tunauguza mama zenu, na kanisani tunafagia. Mnataka tutumike zaidi ya hapo? Binti mmoja aliyewahi kuvushwa kutoka kijiji cha Uganda mashariki kwenda kufanya kazi za ndani mjini Kenya, akakaa bila mshahara na bila siku ya mapumziko, alisema neno utumishi likitajwa yeye husikia sauti ya tajiri wake.

Walisema kweli. Anayetumika kwa sababu hana pa kwenda hajaitwa na Paulo. Ameonewa, na Mkristo anayemhubiria uvumilivu anashirikiana na mwonezi. Yesu alipojifunga kitambaa akawaosha wanafunzi miguu, aliyeinama ni Bwana mwenyewe. Hakumwita kijakazi. Kwa hiyo ilani hii inawadai kwanza waliozoea kutumikiwa: wanaume wenye nyumba, wazee wa kanisa, wachungaji ambao hubebewa Biblia na begi, matajiri wa maduka, sisi wenye mishahara. Katika mikutano yetu, wanaume ndio watakaochota maji, kusonga ugali na kuosha sufuria, na akina mama wataongoza kikao. Tumeanza hivyo tayari, na wapo waliokasirika wakaondoka. Wenye wasichana wa kazi majumbani watawalipa mwisho wa mwezi, watawapa siku ya mapumziko, na watatuonyesha. Mtu asiyemlipa binti anayemlelea mtoto wake hawezi kuwa mwanachama, hata akitoa hekari ya kiwanja.

Hoja ya pili tuliijibu haraka. Je, tutamsaidia Mwislamu, Msomali dereva, mtu wa dini za jadi, mtu asiyesali kabisa? Ndiyo, na hatutamdai asikilize mahubiri kwanza. Msamaria wa Yesu hakuuliza majeruhi anaabudu mlima upi. Akitaka kujua kwa nini tunafanya hivi, tutamweleza kwa furaha. Asipouliza, tutaendelea na kazi.

Kuhusu wagonjwa, tunayo shule nzuri karibu. Mwaka 2003, wakati dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa adimu na hospitali ziko mbali, mradi mmoja ulianza katika vijiji vya Tororo na Busia ya Uganda. Wahudumu wasio madaktari waliofunzwa walipanda pikipiki kila wiki wakawapelekea wagonjwa dawa mpaka mlangoni, wakawauliza hali, wakaandika, wakaondoka. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kufa waliamka wakalima. TASO, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake waliokuwa wameguswa na ugonjwa huo nyumbani mwao, imekuwa Tororo miaka yote hiyo. Wengi walioifanya kazi ile walikuwa watu wa kawaida wa hapa. Kinachotakiwa leo ni kidogo kuliko kile: mtu wa kumkumbusha dereva wa Malaba kwamba dawa zake zinaisha kabla hajafika Juba, mtu wa kumpeleka mama mjamzito kliniki kwa boda boda usiku, mtu wa kukaa na mtoto mwenye malaria wakati mama yake yuko sokoni. Nagongera ni moja ya mahali palipowahi kupimwa kuwa na mbu waambukizi wengi mno duniani. Kumfungia bibi kizee chandarua na kurudi mwezi ujao kuona kama bado kimefungwa ni kazi yenye heshima mbele za Mungu.

Fedha. Hatutapitisha kikapu cha sadaka. Kila mwanachama atatoa kwa mwezi kile atakachokitaja mwenyewe mbele ya wengine, shilingi ya Kenya au ya Uganda, na hesabu zitabandikwa mahali pa wazi kila mwisho wa mwezi, upande huu na upande ule. Hatutapokea mchango wa mgombea wa cheo chochote, wala hatutamkaribisha kusalimia. Umoja hautanunua gari. Hautajenga ofisi. Tutakutana katika madarasa na vibanda vya watu, na tukigundua siku moja kwamba muda wa vikao umeupita muda wa kazi, wanachama 10 wakitaka tuuvunje umoja, lazima tupige kura.

Uongozi utakuwa wa miezi 6, mmoja kutoka Kenya na mmoja kutoka Uganda, na hakuna atakayerudia kabla ya miaka 5 kupita. Hakuna kuitwa mheshimiwa, nabii wala mtume. Tutaitana kaka, dada, mama, mzee, kama tulivyozoea kuitana kwenye visima.

Tunajua tutakachoambiwa. Tutaambiwa tunafanya kazi ya serikali bila mshahara. Huenda ni kweli, na ndiyo sababu barua zetu kwa serikali za kaunti na wilaya zitaandikwa pia, kuhusu taa za barabarani, vyoo vya soko na mwanga kwenye njia ambazo akina mama hupitia alfajiri. Kumfuta mtu jasho hakumzuii mwenzake kuuliza kwa nini jua ni kali pale tu. Tutaambiwa pia kwamba tutachoka. Tutachoka. Ndiyo maana zamu ni za watu wawili wawili, na anayechoka anasema bila aibu na anapumzishwa.

Kazi ya kwanza imekwisha kupangwa. Jumatatu na Alhamisi ni meza ya fomu, karibu na geti la waendao kwa miguu. Jumatano ni kuchomea fremu za baiskeli, mtaa wa Sofia. Ijumaa, Malaba, maegesho ya malori, maji ya kunywa na orodha ya dawa. Jumamosi ni wodini, upande wa wagonjwa ambao hawana ndugu wa kuwafulia. Anayetaka kuingia hatutamwomba barua ya mchungaji wala tarehe ya kuokoka. Aje Jumamosi. Zamu ya kwanza ya kila mwanachama mpya, awe kasisi, mpiga debe au mwenye duka la jumla, ni kufua mashuka ya mtu asiyemjua. Tunaanza saa moja asubuhi. Ndoo zipo, sabuni kila mtu aje na yake.